Mkwe Asiyetaja Moto

Kuna watu hapa Ngonga mpaka leo wanaosema kwamba bibi yangu Tusekile ndiye aliyeunguza shule. Nawasikia misibani, nawasikia mnadani, na kila nikiwasikia damu inanichemka. Tusekile hakuunguza shule. Alichoshindwa ni kutamka neno moja, na neno lenyewe halikuzuiwa na ujinga wake bali na adabu yake, adabu ambayo hata bibi zao hao wasemaji walikuwa nayo. Tena shule iliyojengwa baadaye, ile ya matofali na vigae, ilisimama mpaka sisi wajukuu tukasomea ndani yake, na kila kigae kilichotukinga mvua kilipita mikononi mwake. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Tusekile alizaliwa Lyulilo, pale milima inaposhuka mpaka majini, kwa Wakisi. Kwao wanaume huvua na wanawake hufinyanga, na mtoto wa kike hupewa donge la udongo kabla hajapewa kitu kingine cha kuchezea. Alikua na mikono mipana na sauti ya kuita mitumbwi iliyo mbali ziwani. Alijua kufinyanga, na alijua kwamba anajua. Mnunuzi akimwuliza kama chungu kitadumu, Tusekile hakuapa wala hakubembeleza. Alikipindua, akakikalia, akamtazama mnunuzi mpaka akafungua mfuko wake.

Akaolewa huku Ngonga, enzi za Mjerumani, na Lutengano, kijana mpole aliyekuja Lyulilo kununua samaki akarudi na mchumba. Lutengano ndiye babu yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika habari hii hamtamsikia sana, kama ambavyo hata nyumbani hatukumsikia sana.

Baba yake hakuwa mpole hata kidogo. Mzee Andongwisye Mwamoto alikuwa fundi wa nyumba za mianzi, na alikuwa fundi wa kujisifu pia. Lakini hakujisifu bure. Nyumba zake zilisimama wima kama bibi harusi, mianzi imepangwa mmoja mmoja, katikati yake madonge ya udongo yaliyolainishwa kwa kiganja na kupakwa rangi nyeupe na nyekundu, na juu paa la nyasi lililokatwa ukingoni likanyooka. Wazungu walisimama njiani kuzitazama. Andongwisye alikuwa akiwaacha watazame kwanza, kisha anatokea mlangoni kana kwamba amepita tu.

Sasa jina. Babu yake Andongwisye ndiye aliyepekecha moto mpya siku ile malafyale, chifu wetu wa wakati huo, alipotawazwa na mioto yote ya zamani ikazimwa. Ndipo ukoo ukaitwa Mwamoto, na ni jina la heshima. Lakini kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chini ya paa moja, akimwona njiani huiacha njia na kujifunika nguo, na jina lake halitaji. Wala si jina tu, hata neno linalofanana na jina.

Basi mfinyanzi, mtu ambaye kazi yake yote hukamilika motoni, akaolewa katika ukoo uliomnyang'anya neno moto! Akaanza kusema "chekundu". Washa chekundu. Chekundu kimezimika. Aliporudi kwao kusalimia, dada zake walicheka mpaka wakakaa mchangani.

"Mwenzetu umeolewa na nani," wakamwuliza, "na jiko?"

Yeye hakuona haya. Alisema adabu ni kama udongo, ukiiharakisha inapasuka, naye hana haraka. Na yeye na mkwewe waliishi vizuri kwa namna yao. Wakiwa na jambo la kuambiana, walikisemesha chochote kilichokuwa karibu.

"Ewe mgomba," Andongwisye alikuwa akisema huku amegeukia shamba, "mwambie huyo mwanamke mbuzi wake wamekula mihogo yangu."

"Ewe mgomba," Tusekile alikuwa akijibu kutoka nyuma ya nyumba, kichwa kimefunikwa, "mwambie mzee kwamba mbuzi hawajui kubisha hodi. Mihogo huzungushiwa ua."

Mama mkwe, Marta, alikuwa akiwasikia wote wawili na kucheka peke yake jikoni.

Shule ya kwanza ya Ngonga ilijengwa na Andongwisye mwenyewe, kwa ombi la wamisheni. Mianzi mitupu, paa la nyasi, mlango mmoja. Ilikuwa nzuri kuliko kanisa. Mwalimu wake aliitwa Ezra, kijana aliyesomeshwa kusini mwa ziwa, ng'ambo ya Songwe na mbali zaidi, mtu wa juhudi nyingi na subira kidogo. Asubuhi alifundisha watoto, na mchana, kazi za shamba zikipungua, aliwafundisha wanawake waliotaka.

Tusekile alitaka, tena alitaka sana. Kila mfinyanzi wa Kikisi ana mistari yake anayoichora shingoni mwa chungu, na mwenzake akiiona anajua ni kazi ya nani. Alipoona watoto wanachora ubaoni akasema, kumbe na Wazungu wana alama zao, ila za kwao zinaongea. Akaapa kwamba hatakufa kabla hajazisikia zote. Alikwenda mbio kama mtu anayeteremka mlima, akafika kwenye ukurasa wa herufi M, na hapo akakwama. Kwa sababu ukurasa ule ulisema: mama, maji, moto.

"Mama," alisoma Tusekile. "Maji. Chekundu."

"Hakuna chekundu hapo," alisema Ezra. "Herufi ya kwanza ni ipi?"

"M."

"Ya pili?"

"O."

"Haya, soma neno."

"Chekundu."

Ezra aliona mwanamke huyu amegoma, au akili yake imefika mwisho. Wanawake wengine walijua sababu, lakini nani angemwelezea bila kulitaja neno lenyewe mbele ya mkwe wa mtu? Wanaume nao waliona ni jambo ambalo hata kuku wanalijua. Hivyo kila mchana Ezra alimrudisha kwenye ukurasa uleule, na kila mchana Tusekile alimjibu vilevile, bila kukasirika na bila kukubali.

Kikaja kiangazi, majira ya watu kuchoma nyasi mashambani, na upepo wa mwera ukawa unavuma kutoka ziwani. Siku moja asubuhi Tusekile alikuwa akitoka mtoni na mtungi kichwani. Akaona uzi wa moshi juu ya paa la shule, na chini ya moshi kitu kinang'aa. Akatupa mtungi. Ile sauti ya kuita mitumbwi ikatoka yote.

"Chekundu! Chekundu juu ya shule! Chekundu!"

Watoto walimsikia. Ezra alimsikia. Na mimi hapa huwa nashindwa nicheke au nilie, kwa maana Ezra alitoa kichwa mlangoni, amechoka na mwanamke huyu, akamfokea:

"Siyo chekundu, mama! Ni moto!"

Watoto wakaangua kicheko. Walikuwa bado wanacheka majivu ya kwanza yalipoanguka juu ya meza. Hapo ndipo Ezra alipoangalia juu.

Wote walitoka hai, na hilo ni kwa sababu Ezra alibaki mlangoni akiwavuta mmoja mmoja mpaka nyusi zake zikaungua. Lakini mlango ulikuwa mmoja, wakabanana, na msichana mdogo aitwaye Anyisile aliungua begani vibaya. Nilimfahamu uzeeni, alikuwa bado anavaa nguo za kufunika mabega. Shule iliteketea mianzi ikilipuka kama bunduki. Andongwisye alifika mbio na mundu mkononi, akasimama, akatazama kazi yake ikilala chini. Siku hiyo hakula.

Watu wakaanza maneno. Yule Mkisi aliona, wakasema, akashindwa kusema. Tusekile hakujitetea. Alikwenda kumfunga Anyisile bega kwa majani, akarudi nyumbani, akalia kwa sauti, maana hakuwa mtu wa kulia chinichini.

Kisha akaja karani wa boma, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na Kiswahili chake kirefu. Akawakusanya watu akawaambia amri. Shule ya nyasi haitajengwa tena. Watu wa Ngonga wakitaka shule, wajenge isiyoshika moto, ukuta usioshika na paa lisiloshika, yenye milango miwili, na iwe tayari kabla ya mvua.

"Na mimi nitakuja mwenyewe na kienge," alisema, "niitie moto mbele ya macho yenu. Ikiwaka, mwalimu anakwenda kwingine na shule hapa imekwisha. Mmefahamu?"

"Tumefahamu," walijibu watu.

Tusekile alikuwa nyuma kabisa, kajifunika, kwa kuwa mkwewe alikuwa mbele. Alifahamu kuliko wote. Ezra akiondoka, yeye angebaki kwenye ukurasa wa M mpaka kaburini.

Ikabidi kuchagua shule ijengwe namna gani, na hapo kila mtu akawa fundi. Mchungaji Mzungu wa misheni alisema matofali ya kuchoma na bati. Bati lingekuja kwa meli, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Andongwisye akasimama.

"Mvua ya kwetu ikipiga bati," alisema, "mwalimu atafundisha kwa ishara. Na jua likipiga, atafundisha samaki wa kukaanga. Mimi nasema mianzi. Mianzi ndani, udongo mnene nje na ndani, paa tulikandike udongo juu na chini. Moto utalamba udongo na kwenda zake."

Watu walipenda, kwa sababu walimpenda Andongwisye na walipenda mianzi. Ndipo Marta akainuka, akasema ana maneno ya mtu asiyeweza kuyasema mwenyewe. Wote wakajua ni ya nani.

"Anasema matofali ya kuchoma ukutani na vigae vya kuchoma juu. Anasema kitu ambacho chekundu kimeshakila mara moja, hakikili tena. Na anasema mwanzi una pumzi ndani. Ukifungia pumzi ndani ya udongo ukaipasha joto, inapasuka. Kila mfinyanzi amepoteza chungu kwa njia hiyo."

Andongwisye alicheka. "Mwambieni huyo msemaji kwamba nyumba si chungu."

"Amesema utasema hivyo," alijibu Marta, "na amesema nikujibu: jenga kidogo, tuone."

Hapo watu walishangilia, na Andongwisye, ambaye hakuwahi kukimbia shindano, akakubali. Vikajengwa vibanda vitatu vya kimo cha mbuzi, kila kimoja kwa namna yake. Kibanda cha bati walikijengea bati kuukuu la misheni. Vigae vya kibanda cha tatu alivifinyanga Tusekile, akavichoma vilevile kama wanavyochoma vyungu Lyulilo, chini wazi, katikati ya kuni na nyasi.

Wakavizungushia kuni vyote vitatu, wakawasha.

Bati halikuungua. Lakini moto uliingia chini yake ukala boriti, bati likajikunja kama jani la tumbaku na kuanguka ndani. Mchungaji akatikisa kichwa, akakiri bila kusukumwa kwamba asingependa mtoto awe chini ya kile. Kibanda cha Andongwisye kilikaa kimya muda mrefu, mpaka mzee akaanza kutabasamu. Kisha kikatoa mlio, pa! Kikalia tena. Udongo ukaruka, mianzi ikachungulia nje, na moto ukaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Cha tatu ukuta ulisimama, lakini vigae vyake navyo vilikuwa vimepasuka, karibu nusu yake. Tusekile alikuwa amevifanya vinene kama vitako vya vyungu.

Hakuna aliyeshinda kabisa, na naona hilo ndilo lililowaokoa. Andongwisye alizunguka vibanda, akachukua kipande cha kigae, akakikwaruza kwa ukucha. Kisha akausemesha mgomba, kwa sauti ya watu wote.

"Ewe mgomba, mwambie mkwe wangu kwamba mianzi imenitia aibu, na vigae vyake vimemtia aibu. Basi tuko sawa. Ukuta nitaujenga wa matofali. Afanye vigae vyembamba."

"Ewe mgomba," ilijibu sauti kutoka migombani, "mwambie mzee, ndaga fijo, asante sana. Vitakuwa vyembamba. Na havitapasuka."

Ndivyo shule ya Ngonga ilivyochaguliwa. Ardhi yetu ni laini na mto hufurika, kwa hiyo msingi ulipigwa mawe, nayo yalikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Matema mpaka mdomo wa mto, kisha yakabebwa. Andongwisye hakuwahi kushika tofali maishani. Alijifunza kwa mchungaji, akamgombeza mchungaji, akamshinda. Aliyapanga matofali kwa mistari ya kulala na kusimama, kama alivyopanga mianzi, na ukuta ukawa na pambo ambalo hakuna aliyeliagiza.

Tusekile alisaga vyungu vilivyovunjika vya kijiji kizima, akachanganya unga wake na udongo mbichi, kama bibi yake alivyofanya kwa vyungu vikubwa vya pombe. Hilo lilizuia kupasuka. Lililomshinda ni umbo, maana kila kigae kilipinda kwa namna yake na maji yangepita. Akaiambia ngazi iliyoegemea ukuta, mzee akiwa upande wa pili, kwamba anahitaji kitu kirefu cha mviringo, laini, chenye unene uleule, cha kulazia udongo. Asubuhi iliyofuata alikuta mianzi mikubwa imelazwa kwenye kivuli alichofinyangia, imepasuliwa katikati, vifundo vimelainishwa kwa mchanga. Ilikuwa mianzi mizuri kuliko yote aliyokuwa nayo Andongwisye, ile aliyoitunza kwa ajili ya nyumba ya malafyale. Kila kigae cha shule kilipindwa juu ya mianzi hiyo. Kwa hiyo msiniambie mzee alishindwa. Mianzi yake iliingia katika shule ile, ila haikuingia mahali pa kuungua.

Walifanya kazi bila kuonana. Mzee alijenga asubuhi, na akimaliza aligonga tofali kwa mwiko, ko-ko-ko, akaondoka kwa mlango wa mashariki. Tusekile na wenzake waliingia kwa mlango wa magharibi. Karani alitaka milango miwili kwa ajili ya moto, lakini wanawake wa Ngonga waliishangilia kwa sababu yao wenyewe. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na nyumba ambayo baba mkwe akiingia huku, mkwe anaweza kutoka kule bila kuruka dirishani. Mchungaji alipoelezwa alicheka, akasema sheria nzuri huwa na faida nyingi kuliko alizozijua aliyeitunga.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima karani aliporudi. Mwera ulikuwa bado unavuma. Karibu watu wote walikuwepo, na malafyale naye. Kienge cha nyasi kavu kilifungwa kwenye mti mrefu, kikawashwa, na karani akakilaza kwanza ukutani, kisha boritini chini ya ukingo, mahali ambapo Tusekile alikuwa amezivika boriti udongo wa kuchoma, kisha juu ya paa. Akakiacha huko mpaka kikaisha. Akaagiza kingine.

Watu wote walitazama paa. Andongwisye alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, kidevu juu, amewapa mgongo watu na mji wake. Na Tusekile? Tusekile alikuwa ukingoni mwa migomba na nguo kichwani. Kwa kuwa mkwewe alikuwa upande wa shule, adabu ilimtaka ageukie upande mwingine. Katika uwanja mzima alikuwa mtu pekee ambaye hakuiona shule yake ikijaribiwa. Alitazama mahali ambapo hakuna mwingine aliyetazama, nyumbani kwa Andongwisye.

Kwa hiyo ni yeye aliyeiona cheche. Upepo uliibeba kutoka kwenye kienge, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikatua juu ya ile nyumba ambayo Wazungu walisimama njiani kuitazama. Nyasi zikatoa moshi, zikashika. Na ndani ya nyumba Marta alikuwa amelala na homa.

Bibi aliniambia neno "chekundu" lilimjia mdomoni, likafika mpaka kwenye meno. Akakumbuka kicheko cha watoto. Akakumbuka bega la Anyisile. Akalimeza, akavuta nguo kutoka kichwani, akageuka akamtazama mkwewe mgongoni, uso wazi.

"Moto!" alipiga kelele. "Mwamoto! Mwamoto, moto! Moto nyumbani kwako!"

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeuliza. Uwanja mzima uligeuka kwa pamoja. Wa kwanza kukimbia alikuwa Lutengano, mume wake, yule niliyesema hamtamsikia sana. Kweli hakusema kitu. Aliingia chini ya paa linalowaka akatoka na mama yake mgongoni, na nyuma yake mlango ukaanguka.

Nyumba haikuokoka, iliisha yote. Marta alikaa chini ya mgomba akikohoa, mzima, akidai maji. Na kelele zilipotulia watu wakakumbuka walichosikia. Wanawake wazee wakashika midomo. Mkwe ametaja jina la baba mkwe, tena mara mbili, mbele ya malafyale, mbele ya boma, uso wazi! Kuna waliosema atoe ng'ombe wa kuosha kosa, kuna waliosema arudishwe kwao. Tusekile alikuwa amepiga magoti na nguo kichwani tena.

Andongwisye alitazama majivu yake. Akamtazama mkewe. Kisha akatembea mpaka kwenye migomba, akasimama akiwa amegeuka pembeni, kama adabu inavyotaka.

"Ewe mgomba," alisema, na sauti ilikuwa nzito, "mwambie mkwe wangu hivi. Aliliheshimu jina langu, tukapoteza shule, na mtoto akaungua. Leo amelitaja, mke wangu yuko hai. Jina linaloziba mdomo wa mtu anayeona hatari si heshima. Ni mlango mmoja kwenye nyumba ya nyasi. Mimi ni fundi, nyumba ya namna hiyo siijengi tena. Nalivua jina. Kuanzia leo mimi si Mwamoto. Neno hilo halina mwenyewe, alitumie."

"Sasa tukuite nani, tata?" aliuliza mtu mmoja. "Tukuite Mwakigae?"

"Una wazimu?" alifoka Andongwisye. "Vigae anavitengeneza yeye! Atavitajaje? Niiteni Andongwisye, yatosha."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimaliza kesi. Karani wa boma, ambaye nusu ya mambo haya hakuyaelewa, alipapasa kigae kilichokuwa kimeingia masizi, akakigonga kwa kidole, kikalia kama kengele.

"Imepita," alisema. "Mwalimu abaki."

Andongwisye alijenga nyumba nyingine ya mianzi, kwa kuwa alisema mtu mzima ana haki ya kulala anapopenda, lakini aliiweka mbali na upepo na aliitoboa milango miwili. Hakumtazama Tusekile usoni hata siku moja mpaka alipozikwa. Neno tu ndilo aliloachilia. Adabu nyingine zote walizishika, na walizishika kwa furaha.

Siku ya kwanza ya darasa la wanawake katika shule mpya mvua ilikuwa inanyesha, na juu ya vigae ilisikika kwa mbali tu. Ezra alifungua ukurasa wa M. Safari hii alikuwa ameelezwa, na alikuwa mpole.

"Mama," alisoma Tusekile. "Maji."

Akanyamaza. Mazoea ya miaka hayatoki kwa siku moja. Wanawake wote walisubiri, Ezra naye akasubiri. Kisha kutoka nje, upande wa pili wa ukuta, chini ya ukingo wa paa, ikasikika sauti ya mzee aliyekuwa amejikinga mvua pale, au aliyejifanya amejikinga mvua.

"Ewe ukuta, mwambie hilo lililobaki halina mwenyewe."

Tusekile akaweka kidole chake cha udongo juu ya neno.

"Moto," alisoma.



"Ewe ukuta," sauti ikasema tena, "mwambie arudie. Sikusikia vizuri."

Alisikia. Ile ilikuwa sauti ya kuita mitumbwi.